Makimbio na makimbilio: shajara ya mradi, Goma (Kongo) na Gisenyi (Rwanda)

Machi 2023, wiki ya kwanza

Fomu niliyokuja nayo, ya kuwauliza watu kwa nini walihama, ina visanduku viwili. Cha kwanza kimeandikwa "janga la asili", cha pili "vita na ukatili". Nikishaweka alama kwenye kimoja, maswali yanachukua njia yake: huku lava, matetemeko na mafuriko, kule risasi, uporaji na kutekwa. Nyumbani, mezani, ilipendeza. Leo nimeijaribu kwa watu watatu pale Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, ikakwama kwa wote watatu.

Wa kwanza ni papa mmoja, yaani baba wa makamo, mzaliwa wa Kibati. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ilipasuka na lava ikapita kwenye shamba lake. Nyumba ikaungua. Akahamia kwa wakwe zake Kibumba. Mwishoni mwa 2022 waasi wa M23 wakafika Kibumba, naye akashuka tena na barabara ya Rutshuru hadi hapa Kanyaruchinya, karibu na kiwanja chake kilichogeuka mwamba mweusi. Sasa analala chini ya turubai juu ya mawe ya mlima uleule. Nikamuuliza nimwekee alama kisanduku kipi. Akacheka.

"Mulima ilinisukuma kwa vita, vita ikanirudisha kwa mulima. Weye mwalimu, andika penye unapenda."

Nimeandika pembeni ya fomu, kwa penseli.

Machi 2023, wiki ya tatu

Kiswahili changu kimenyooshwa Dar es Salaam, nilikosomea, na hapa nyumbani kinanisumbua. "Unasema kama redio," mama mmoja aliniambia. Msaidizi wangu, kijana wa Himbi, ndiye anayeuliza sasa. Mimi nakaa kando na daftari. Maneno yamekuwa mengine kabisa. Mimi nilikuwa nauliza "Ulihama lini?" Yeye anauliza "Umeshakimbia mara ngapi?" na watu wanaanza kuhesabu kwa vidole: tunakimbiaka, wanasema, kana kwamba ni kazi ya msimu.

Basi kipimo cha mradi kimebadilika bila mimi kukibadili. Nahesabu makimbio. Kwa kila kimbio nauliza makimbilio: ulielekea upande gani, na kwa nini hukuelekea ule mwingine?

Kuna shida ya neno jingine. Kila ninapofungua daftari, watu wanakusanyika na kuuliza, "Munatuandika?" Kuandikwa hapa ni kuingizwa kwenye orodha ya msaada, upate jetoni, jetoni ikupe unga, maharage na bache, yaani turubai. Mtafiti mwenye kalamu anafanana mno na mtu wa orodha. Nimewahi kusoma kurasa nyingi kuhusu ridhaa ya mhojiwa, hakuna hata moja iliyoniambia kwamba kitendo cha kuandika chenyewe ni ahadi. Tangu leo daftari linabaki mfukoni mpaka tumalize kueleza, na tunaeleza mara mbili. Bado wapo wanaokubali kuzungumza kwa sababu hawaniamini ninaposema sina unga.

Orodha hizo nazo zina visanduku viwili. Goma wanasema *basinistre* kwa walioangukiwa na mlima na *badeplase* kwa waliokimbia bunduki. Mashirika mengine yanakuja kwa hawa, mengine kwa wale. Papa wa Kibati amekuwa vyote viwili katika miezi 18, na kila mara alipanga foleni upya. Ninaanza kushuku kwamba fomu yangu niliinakili kutoka kwenye hizo orodha bila kujijua.

Mei 2023

Sikupanga kuandika kuhusu mafuriko.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 mvua iliua zaidi ya watu 130 Rwanda, wengi upande wa magharibi. Rubavu mto Sebeya uliingia majumbani. Alhamisi tarehe 4, upande wetu wa Ziwa Kivu, maji na matope yalishuka Kalehe, yakazoa Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Waliozikwa walipita 400, na waliopotea ni wengi zaidi. Miili mingine iliokotwa ziwani.

Tulipofika wiki iliyofuata nilikuwa na swali moja: kwa nini watu wengi hivyo walijenga kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na maji? Mzee aliyenijibu hakuzungumzia mvua. Alinionyesha nyanda za juu kwa kidevu. Kule juu, alisema, makundi yenye silaha yanabadilishana vilima. Mwenye ng'ombe ameuza, mwenye shamba ameliacha. Huku chini kuna barabara, kuna soko, kuna askari angalau wa kuonekana. Wakashuka. Wakajenga pale palipobaki, mdomoni mwa mto.

Msaidizi wangu amegundua kitu cha ajabu kwenye kalenda. Lava ya 2002 iliingia mjini Alhamisi. Amri ya kuhama ya 2021 ilitolewa Alhamisi. Kalehe, Alhamisi. Amesema hapangi tena mahojiano siku hiyo. Nimemkubalia, nina sababu zangu.

Julai 2023

Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizofanya mpaka sasa, na ilianzia kwa mama wa sambaza, muuzaji wa samaki wadogo wa ziwani.

Anakaa Birere, mtaa uliogusana na Gisenyi, na kila alfajiri anavuka Petite Barrière kwenda kuchukua sambaza. Mpaka huu unapitwa kwa miguu na watu maelfu kwa maelfu kwa siku: mabeseni kichwani, watoto mgongoni, walemavu na baiskeli zao za mizigo. Tulipomwomba achore makimbio yake kwenye karatasi alisema hana mkono wa kalamu. Akatoka nje, akaokota makoro, vile vijiwe vya lava vyenye matundu ambavyo Goma huhitaji kuvitafuta, akavipanga sakafuni. Jiwe kubwa kwa kila kimbio, vidogo kwa siku alizokaa huko.

1994 hakukimbia. Ile ilikuwa zamu ya wengine: Wanyarwanda karibu milioni waliingia Goma ndani ya siku chache za Julai, na kipindupindu kikawakuta juu ya mwamba usiochimbika choo wala kaburi. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Yeye alikuwa msichana, anakumbuka miili iliyofungwa mikeka kando ya barabara. Hata hivyo akaweka jiwe. "Siku hiyo ni wao njo walikimbia, lakini ni kwetu walifikia."

2002: Gisenyi, siku tatu. Hapa nami nina jiwe langu, maana tulikuwa mtaa mmoja. Tarehe 17 Januari lava ilipita uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji, ikafika ziwani. Nilikuwa na miaka 11, nimebeba sufuria na mdogo wangu. Tulilala Gisenyi nje ya kanisa, halafu mama akasema tunarudi. Mashirika yalikuwa yanaandaa kambi ndani zaidi ya Rwanda na watu walikataa kwenda. Vitabu vinaeleza kurudi kule kama ukaidi au kutojua hatari. Mji wetu wakati ule ulikuwa chini ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda. Zaidi ya miaka mitatu ya vita ilikuwa haijapoa vichwani mwa watu, na kambi ndani ya nchi ya jirani ilikuwa na maana nyingine kabisa. Mama alikanyaga mwamba wa jana, unaochoma soli, kwa sababu aliogopa zaidi kilichokuwa nyuma yake. Na baba alikuwa amebaki kulinda duka.

Tarehe 21 kituo kimoja cha mafuta kililipuka watu wakichota petroli iliyozingirwa na lava moto. Makumi walikufa. Kwenye taarifa wamehesabiwa kama vifo vya volkano. Sijui hesabu hiyo ingewekwa wapi na mtu aliyekuwepo: mlima ulileta moto, umaskini ulileta madumu, na mamlaka ya kumzuia mtu asikaribie ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki waliokuwa na shughuli zao.

Jiwe kubwa kuliko yote, mama wa sambaza aliliweka 2020. Nikadhani amekosea mwaka. "Korona," akasema. Mpaka ulifungwa kwa wachuuzi wadogo, na ulipolegezwa ilibidi wachange pesa, mizigo iende kwa gari moja na majina kwenye orodha. "Mulima ilinifukuza siku tatu. Bariere ilinifukuza miaka mbili."

Fomu yangu haina kisanduku cha lango kufungwa. Tangu Juni 2022, askari Mkongo alipouawa kwa risasi hapo hapo mpakani, upande wetu lango limekuwa likifungwa saa tisa alasiri, na kwa mwenye samaki mbichi saa tatu za kupungua siku ni mtaji kuoza. Hilo haliitwi janga wala ukatili kwenye karatasi yoyote niliyoiona.

Tumepiga picha ya sakafu. Kila mhojiwa sasa anapanga makoro yake mwenyewe.

Septemba 2023

Wiki mbili nimesoma nyaraka, nikilinganisha 2021 na yale mawe ya sakafuni. Hali ya kuzingirwa ilianza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021: magavana wa kiraia wakatoka, wanajeshi wakaingia. Siku 16 baadaye mlima ukapasuka. Kwa hiyo alfajiri ya tarehe 27, sauti iliyotangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ihame mara moja, lava inaweza kutokea chini ya mji au chini ya ziwa, ilikuwa ya gavana jenerali. Wahojiwa wangu wanarudia jambo hili bila kuulizwa. Amri ya kuokoa maisha ilitoka kinywa kilekile kilichozoeleka kwa amri za vita, na wengi walianza kukimbia kabla ya kujua wanakimbia nini.

Watu wapatao 400,000 waliondoka siku hiyo. Amri iliwaelekeza Sake, kilomita zipatazo 25 magharibi. Wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, wengine walivuka Gisenyi ingawa nako ardhi ilikuwa inatetemeka na nyumba zinapasuka. Nilidhani nitakuta kwamba watu walichagua palipo karibu. Sivyo mawe yanavyosema. Mwenye kitambulisho kilichokwisha muda alienda Sake. Mwenye sura na lafudhi ambayo Goma huitwa ya Kinyarwanda aliogopa Sake, kwa sababu barabarani anaweza kuitwa mgeni nchini kwake, akaenda Gisenyi. Mwenye mume askari aliogopa Gisenyi. Mlima mmoja, njia tatu, na ramani ya nani alipita wapi ni ramani ya vita vya miaka 30.

Mradi umepata sentensi yake ya kwanza ninayoweza kuitetea.

Februari 2024

Mapigano yamefika kando ya Sake. Barabara imejaa watu wanaokuja Goma, magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mbuzi kwa kamba.

Nimekaa na ramani ya kuhama ya volkano na ramani ya mapigano, nikazilaza moja juu ya nyingine. Mpango wa mlima unasema: bendera ya tahadhari ikigeuka nyekundu, elekeeni magharibi, Sake. Vita vinasema: Sake ndipo vinapopiganwa. Kaskazini, barabara ya Rutshuru iko mikononi mwa M23. Kusini ziwa. Mashariki lango linalofungwa saa tisa. Mji una zaidi ya watu milioni, kambi zimeuzunguka, na mlima uliokwishapasuka 1977, 2002 na 2021 hausomi taarifa za kijeshi.

Nilimwonyesha mtu anayefanya kazi za dharura. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema volkano si idara yake.

Mei 2024

Tarehe 3 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert. Watoto miongoni mwa waliokufa. Hatufanyi mahojiano mwezi huu. Tumesaidia kubeba maji.

Oktoba 2024

Bulengo. Kambi iko magharibi ya mji, kando ya ziwa, na ni eneo la mazuku. Wanajiolojia wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kwetu, wanaandika *mazuku* kwenye majarida yao: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Haina rangi. Mtu mzima akisimama mara nyingi anapita salama. Mbuzi anayeinama kula majani anaanguka, na mtoto anayekwenda kumwokota naye hainuki.

Mama mmoja aliyetoka Masisi hakuwa ameijua. Kwao hakuna. Wenyeji ndio waliomwonyesha bonde la kuepuka: tazama penye ndege waliokufa. Amekimbia bunduki inayosikika, akafika kwenye kifo kisicho na sauti, na aliyempokea anamfundisha kukitambua. Nimeuliza kama kuna kibao. Kilikuwepo, mbao zake zikaenda jikoni. Simlaumu aliyekichoma. Kuni ni kwenda mbuga ya Virunga, na wanawake wanaokwenda Virunga kutafuta kuni wanajua kinachowasubiri njiani. Wamenieleza, na hayo sitayaandika hapa hata bila majina.

Usalama wa data: rekodi zote zimehamishwa, majina hayapo, picha za makoro zimekatwa zisionyeshe kuta wala nyuso. Daftari za karatasi bado ninazo. Nisingepaswa kuwa nazo.

Januari hadi Machi 2025

Sina maingizo. Haya nayaandika kwa kumbukumbu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 27 Januari M23 waliingia Goma. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika. Watu walirudi kuchota ziwani kama 1994. Makombora yaliangukia hata Gisenyi, yakaua, kwa hiyo jibu la zamani la mtaa wetu, "vuka tu", nalo likawa na tobo. Nilichoma daftari nne kwenye jiko la mkaa, ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu karatasi nyingi kwa pamoja hutoa moshi unaouliza maswali. Fomu zenye visanduku viwili ziliungua vizuri sana.

Februari waliokuwa kambini waliamriwa waondoke. Ndani ya siku chache Bulengo na Lushagala zikabaki mabaki ya bache na duara za mawe. Papa wa Kibati nilimpoteza. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Msaidizi wangu ni mzima. Tulikutana Machi, tukakaa saa nzima tukiongea mpira.

Julai 2025

Benki karibu zote za Goma zimefungwa tangu Januari, uwanja wa ndege pia. Mwenye kutaka pesa yake anavuka Gisenyi, anaitoa kwa simu, anarudi nayo kwenye soksi. Mama wa sambaza amekuwa mtu wa kuvukisha pesa za majirani kwa ujira mdogo. Biashara yake haijawahi kuwa nzuri hivi, alinong'ona, na akaona aibu kulisema. Nimeliandika kwa ruhusa yake. Katika mawe yake sasa kuna moja la Januari. Aliliweka lakini hakuongeza vijiwe vya siku: hakutoka, alilala chini ya kitanda na wanawe usiku tatu. "Hii nayo ni kukimbia?" akaniuliza. Nilimrudishia swali, akasema ndiyo, kwa sababu moyo ulikimbia. Kwenye jedwali nimelazimika kuongeza safu ya makimbio yasiyo na mwendo.

Oktoba 2025

Ripoti kwa wafadhili. Kiolezo chao kina safu mbili: maafa, ukatili. Niliwatumia picha sita za makoro na maelezo ya kurasa nne kwa nini safu hizo zinatenganisha kitu kimoja. Jibu lilikuja kwa adabu: kazi ya kuvutia, tafadhali kwa kila mhojiwa onyesha *sababu kuu*.

Jana jioni simu iliita. Papa wa Kibati. Amerudi kwenye kiwanja chake kilekile, ameinua mbao nne juu ya mwamba na anatafuta bati. Usiku, alisema, anaona wekundu juu ya mlima. Nilifurahi hata nikasahau salamu. Tulipomaliza habari za watoto nilimweleza kuhusu safu mbili na sababu kuu, nikamuuliza yake niitaje ipi.

Alinyamaza kidogo, nilisikia mtu anapigilia msumari.

"Weka ile itakuletea feza, mwalimu. Halafu unitafutie bati."